Alama Nyekundu ya Pampu

Kila akitoka chuoni kusoma Kurani, Rawda alichukua birika la kahawa ya tangawizi na kwenda gereji ya baba yake, Mbaraka, karibu na soko la samaki. Ee, Kismayo ya siku zile! Mafundi walitaniana kwa Kibajuni na Kisomali kwa pumzi moja, na harufu ya dizeli ilichanganyika na ya papa mkavu, wala hakuna aliyelalamika. Rawda alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwake hapakuwa na mahali pazuri kuliko pale.

Mbaraka alizaliwa kisiwani Koyama, na desturi moja ya baharini aliihamishia gereji. Chomboni, anayepima kina cha maji hutangaza kipimo kwa sauti na nahodha hukirudia, wasije wakapanda mwamba. Basi hapo gereji, aliyegeuza skrubu ya mafuta kwenye pampu ya dizeli alitangaza, "Robo raundi!" na mwenzake akarudia. Kisha skrubu ilipigwa mstari wa rangi nyekundu, ili ikisogea ijulikane.

Mwaka 1991 vita vilipokaribia, ami yake Rawda, Bakri, alileta gari lake kubwa la dizeli litengenezwe. Familia nzima ingekimbilia Kenya kwa gari hilo, kwa njia ya mchanga ya Ras Kamboni. Injini yake ilikuwa na turbo.

"Turbo ni pangaboi dogo," Mbaraka alimweleza bintiye. "Linazungushwa na moshi unaotoka, nalo linashindilia hewa ndani ya injini. Hewa na mafuta lazima vipatane. Mafuta yakizidi hayaungui yote. Moshi huwa mweusi, na injini hupata moto hata ikafa."

Lakini Rawda alimsikia Bakri akinung'unika, "Gari zito hili. Wenye bunduki wakitufukuza, watatukamata." Hofu ikamwingia. Mafuta zaidi, mbio zaidi, aliwaza, na habari ya hewa ikamtoka akilini. Baba yake alipokwenda kuswali adhuhuri, alikaza skrubu ya mafuta raundi nzima ili yaongezeke, kimya kimya. Kisha akaukwangua ule mstari mwekundu na kupaka mwingine, ulionyooka kama wa kwanza.

Alasiri gari liliruka. "Maashallah, Mbaraka! Umelipa mabawa!" Bakri alishangilia. Rawda alicheka peke yake kwa furaha.

Kesho yake walipolijaribu likiwa na mizigo, lilirudi likitapika moshi mweusi, na mshale wa joto umefika kwenye nyekundu. Mbaraka aliinama, akautazama mstari. Haukuwa umesogea.

"Mafuta yako sawa," alisema kwa huzuni. "Basi turbo ndiyo iliyokufa, haipulizi hewa. Na nyingine hapa mjini hakuna."

Bakri alijikalia juu ya gurudumu. "Na mama je?" Mama yao, Bibi Barke, alikuwa amevunjika nyonga. Hakuweza kwenda hata hatua kumi.

"Nyinyi tokeni kwa miguu kesho," Mbaraka akajibu. "Mimi nitabaki naye."

Rawda aliitazama ile skrubu. Akisema, ataaibika mbele ya mafundi wote. Asiposema, baba yake atabaki katikati ya vita kwa sababu yake.

"Raundi moja, baba!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Nimeikaza raundi moja. Na huo mstari nimeupaka mimi."

 Bakri aliruka kwa hasira, lakini Mbaraka alimzuia kwa mkono.

"Ndoo, njoo hapa," alimwita bintiye, akampa bisibisi. "Irudishe."

Rawda aligeuza, akitangaza kila robo, na baba yake akirudia. Injini ikawashwa, Bakri akakanyaga mafuta, na Mbaraka akashika kitambaa cheupe nyuma ya bomba la moshi. Kitambaa kilibaki karibu vile vile kilivyokuwa. Turbo ilikuwa nzima.

Waliondoka alfajiri. Siku ya pili walivuka mpaka, Bibi Barke akiwa kiti cha mbele. Walipopumzika, bibi aliambiwa kisa chote.

"Mbaraka abaki na mimi?" aliguna. "Angenipikia nini? Hata maji hajui kuchemsha!"

Wote walicheka, mara ya kwanza tangu watoke. Kisha Rawda akaikumbuka gereji iliyofungwa, na kicheko kikageuka kilio. Hata leo, akiwa mama wa watoto Mombasa, harufu ya dizeli humrudisha kwao na moyo humuuma.

Siku ile baba yake alimvuta karibu. "Kugeuza vibaya ni kosa la mkono, mwanangu, na hakuna fundi asiyekosea. Lakini mstari ule niliuamini kuliko macho yangu. Ulipoupaka upya ulinifanya kipofu, nikawa tayari kuiacha familia yangu kwa jambo lisilokuwapo. Mchu, mtu yeyote yule, akikosa, aseme siku hiyo hiyo. Wewe umechelewa siku moja tu, na siku moja ilitosha karibu kututenganisha."