Viazi vya Mwisho vya Mama

Kabla jua halijachomoza juu ya mawe ya Pasiansi, kando ya ziwa, Odeta alikuwa ameshafagia uwanja, ameshawasha moto na ameshabandika uji. Uji ukiwa haujachemka, alikimbilia bombani. Ndoo ikiwa haijajaa, akakumbuka kwamba shati la shule la mdogo wake Pius halijafuliwa. Aliporudi mbio na ndoo nusu, uji ulikuwa umemwagikia majivuni. Hivyo ndivyo siku zake zilivyoanza tangu mwezi wa nne, mama yake alipofariki.

Odeta alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Pius alikuwa na miaka tisa, na Queen, kitindamimba, alikuwa na mitatu. Baba yao Nathaniel alikuwa fundi wa mitumbwi mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha. Alitoka asubuhi, akarudi jioni ananuka mbao na lami, akakaa kwenye kigoda na kutazama ziwa. Hakuwa mkali. Alikuwa kimya tu, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Siku ya mazishi, akina mama walipokuwa wakiaga, kila mmoja alimshika Odeta mkono. "Usilie, mwanangu. Sasa wewe ndiye mama wa nyumba hii." Walisema kwa huruma, wakafunga khanga zao, wakaenda makwao. Odeta aliyabeba maneno yale kama ndoo iliyojaa kichwani. Hakuthubutu hata kugeuza shingo.

Nyuma ya nyumba, bondeni karibu na ziwa, kulikuwa na matuta kumi na mawili ya viazi vitamu. Mama aliyapanda mwenyewe mwezi wa kwanza, akiwa tayari mgonjwa, akipumzika kila alipomaliza tuta moja. Kila mwaka kiangazi kilipoingia, alivichimba viazi, akavimenya, akavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya jiwe kubwa la uani mpaka vikawa michembe. Michembe hiyo, ikichemshwa na karanga, ndiyo iliyowavusha miezi ambayo chakula ni haba. Safari hii mama hakuwepo, ila viazi vyake vilikuwa chini ya udongo, vimekua bila yeye kuviona.

Shule ilipofungwa mwezi wa sita, Odeta alijiambia, "Havitapotea hata kimoja. Nitavimaliza vyote Jumamosi hii."

Jumamosi alishika jembe alfajiri. Saa tatu alikuwa ameshachimba matuta kumi.

"Pius, chimba hayo mawili yaliyobaki, kando ya ua wa jirani," aliagiza. "Mimi naanza kumenya."

"Sawa, dada," Pius alijibu. Jembe alilisimamisha kwenye ua, akaruka kwenda uwanja wa mpira.

Odeta alimenya, akakata. Katikati ya kukata, alibandika maharage. Maharage yakiwa motoni, aliloweka nguo. Nguo zikiwa hazijafuliwa, alirudi kwenye viazi. Maulida, rafiki yake wa nyumba ya pili, alipita akasimama, mikono kiunoni.

"We Odeta! Unakata viazi au unafukuzwa na fisi? Utajikata vidole tuje kuvila kwenye michembe."

"Nicheke saa ngapi, Maulida? Huoni nina kazi?"

"Naziona. Ni nyingi, wala hakuna hata moja iliyokwisha. Nikusaidie?"

"Aa, naweza." Aliogopa kwamba akisaidiwa, watu watasema nyumba imemshinda.

Wakati huohuo Queen akaja analia, amejikwaa. Alimvuta sketi. "Mama! Mama, nibebe!"

"Mimi si mama yako!" Odeta alifoka, kisu mkononi. "Mama hayupo! Niache nifanye kazi!"

Mtoto alinyamaza ghafla, kama taa iliyopulizwa. Akaenda akakaa kwenye kizingiti, kidole mdomoni. Moyo wa Odeta ulitaka kumfuata, lakini pua yake ilisikia harufu. Maharage yalikuwa yameungua.

Mpaka jioni, magunia mawili na nusu ya viazi yalikuwa yamekatwa. Jiwe la uani likajaa, na vipande bado viko kwenye beseni. Odeta alivimwaga juu ya vingine, tabaka juu ya tabaka, mpaka jiwe likawa na kilima. Akakifunika kwa turubai la baba kuzuia umande, akaingia ndani akiwa hajiwezi. Jumapili, baada ya kanisa, alifua nguo zilizoanza kunuka ndooni. Jumatatu aliamka anaumwa kichwa. Turubai halikufunuliwa siku zote mbili.

Jumanne ndipo alipolivuta. Mvuke ulimpiga usoni. Vipande vya juu vilikuwa vimenyauka. Vya chini vilikuwa vyeusi, vinateleza, vimeota ukungu. Aliingiza mikono akafukua, akitafuta vizima, akafukua tena. Kisha akaketi chini, viganja vimejaa uozo, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

"Hodi humu," sauti ilisema.

Alikuwa Bibi Kashindye, mama wa marehemu, aliyefika kutoka Magu na kifurushi cha karanga. Alimwona mjukuu, akaliona jiwe, akaelewa. Aliweka mzigo chini.

"Shikamoo, bibi," Odeta alisema huku kamasi zikimtoka. "Nimeviozesha. Viazi vya mama. Nimeviozesha vyote."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lia kwanza. Hiyo nayo ni kazi, na naona uliiruka."

Odeta alilia mpaka akachoka. Kisha Bibi alikunja gauni lake, akaketi kando ya jiwe, nao wakaanza kuchambua. Walipata vipande vizima ungo mmoja. Vingine vilienda shimoni, na kila ungo ulipomwagwa, Odeta alifumba macho.

"Hebu niambie," Bibi aliuliza taratibu, "ni nani aliyekwambia uvichimbe vyote siku moja?"

"Nilitaka viishe, bibi."

"Kwani udongo ulikuwa unakufukuza? Kiazi kikiwa ardhini kinakungoja, wala hakilalamiki. Ukishakichimba, kimeanza safari ya kuoza. Mama yako alichimba vya kutosha jiwe hili, vikae kimoja kimoja vipate jua na upepo. Vikikauka, ndipo anachimba vingine. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Wewe, mjukuu wangu, ulishika saba!"

Odeta alitabasamu kidogo, kisha uso ukaanguka tena. "Na Queen nilimwambia mama hayupo."

Bibi alifuta mikono yake. "Hilo ndilo lililooza zaidi. Lakini lenyewe bado linaponyeka. Nenda."

Odeta alimkuta Queen ndani, amekumbatia khanga ya mama. Alimpakata. Akamnong'oneza: "Na mimi namtaka mama, Queen." Wakakaa hivyo mpaka mtoto akasinzia.

Alipotoka, Bibi aliuliza, "Hakikubaki hata kiazi kimoja shambani?"

Odeta alishtuka. "Matuta mawili! Pius alitoroka kwenda mpirani, hakuyachimba."

"Mume wangu huyo!" Bibi aliangua kicheko, akijifuta machozi. "Uvivu wake sitausifu, na jembe atashika. Ila leo ametuwekea akiba."

Baba aliporudi jioni, alimwamkia mama mkwe wake kwa adabu, akaliona jiwe tupu. Bibi alimweleza yote bila kupandisha sauti. Nathaniel aliinamisha kichwa.

"Nimekosa, mama," alisema. "Nilikuwa nauona moshi wa jikoni kila jioni, nikadhani nyumba ni nzima."

Tangu siku hiyo baba alichota maji kabla ya kwenda mwaloni. Pius alifua nguo zake mwenyewe na kuosha vyombo, akinung'unika lakini akiosha. Maulida alipouliza tena, "Nikusaidie?" Odeta alimsogezea kisu cha pili. Walichimba nusu tuta kwa siku, wakaanika kipande kwa kipande, vikiachiana nafasi. Marando, yale mashina ya viazi yanayotambaa, waliyachagua, wakayapanda upya kwenye unyevu karibu na ziwa.

Michembe ilipokauka haikujaa hata debe moja. Mwaka uliopita mama alijaza gunia. Odeta aliitazama.

"Ni kidogo sana, bibi. Na kazi bado zimejaa."

Bibi Kashindye alimvuta karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Asubuhi ukiamka, usizitazame kazi zote kwa pamoja, zitakutisha. Jiulize: ipi nikiiacha leo itaoza? Hiyo ianze, na uimalize. Inayoweza kungoja, iache udongoni. Ya mwenzio, mpe mwenzio. Wale waliokwambia wewe ndiye mama walitaka kukufariji, lakini walikutwika mzigo usio wako. Wewe ni mtoto, na ni dada. Kazi haziishi. Hata mama yako aliondoka kazi zake hajazimaliza, na hakuna aliyemlaumu."

Queen alikuja mbio kutoka bondeni, magoti yana tope.

"Dada! Dada Odeta! Viazi vya mama vimetoa jani!"

Chungu kilikuwa kinasubiri kuoshwa. Odeta alikitazama, akakiacha kisubiri, akamshika mdogo wake mkono wakaenda kuona.