Mikono Iliyopanda Fwaye

Hata leo, Aicha hukumbuka mchana wa Kolwezi wa zamani. Ulikuwa na sauti yake: cherehani kumi na mbili za fwaye, ile nyumba ambamo wanawake wa mtaa walijifunza kushona na kusoma. Mumewe, Mansour, alikuwa dereva wa lori. Wazazi wake Aicha walitoka Maniema, lakini fwaye hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Waliuliza tu kuhusu kisamvu chake, "Mama Aicha, umeleta sombe?"

Kukata nguo walifundishwa na Mama Mbelu. Babu yake alikuja na reli kutoka Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Siku moja Aicha alishona mkono wa blauzi juu chini. Mbelu hakumgombeza. Aliivaa ile blauzi, akatembea nayo chumba kizima, mpaka wote wakashika mbavu.

Kisha ukaja mwaka 1992. Kazi ya mgodi ilianguka, na watu wakatafuta wa kumlaumu, wakawapata watu wa Kasai. Barabarani vijana walipiga kelele, "Bakasai barudie kwabo!" Familia nyingi zilitolewa nyumbani, zikalala stesheni zikingoja treni.

Jumatatu moja, Mama Ngoie, kiongozi wa fwaye, alisimama. Alitazama sakafu.

"Bamama, mwenye anataka Mama Mbelu aache kufundisha, anyanyue mukono."

Mkono mmoja ukapanda. Kisha miwili. Kisha sita. Aicha alitazama kulia, akatazama kushoto. Mkono wake nao ukapanda, na iliyobaki ikafuata. Mbelu aliweka mkasi mezani, akatoka.

Wiki ile Aicha hakushona kitu. Akamwendea Tata Séraphin, mwalimu wa kusoma pale fwaye.

"Tata, mi sikutaka. Juu ya nini mukono yangu ilipanda?"

Séraphin alivua miwani. "Mama, mutu anaogopa kubakia peke yake. Akiona bengine banakubali, anawaza: labda beko na haki, mi njo najidanganya. Tena anaogopa batamufukuza na yeye. Njo ananyanyua. Na ule wa pembeni akimuona, na yeye ananyanyua."

"Kumbe kila mutu anaangaria mwenzake?"

"Njo vile. Uende ubaulize mumoja mumoja, kwabo ku nyumba. Utasikia. Na mutu mumoja tu akisema wazi 'mi sitaki', bengine banapata nguvu."

Aicha akapita nyumba kwa nyumba. Mama Joyeuse alikuwa anasonga bukari, ugali wa Kolwezi. "Mi? Mi sikutaka! Niliona weye unanyanyua." Mama Shekina alilia. "Nilizani bote mulikubali." Hata Mama Ngoie aliinamisha kichwa. "Balinitisha ku barabara. Nilingoja mumoja wenu anikatalie."

Jumatatu iliyofuata, Aicha alisimama. 

"Bamama, mi nilinyanyua mukono, lakini sikutaka. Nasema mbele yenu: Mama Mbelu arudie."

Akaomba kura nyingine, ya siri. Kila mmoja aingize mkono chini ya kitambaa kilichofunika chungu, atie humo punje ya hindi kama anamtaka Mbelu, au harage kama hamtaki. Wakamwaga mezani. Mahindi kumi na tisa. Maharage mawili.

Walikwenda wote kumchukua. Mbelu alisimama mlangoni.

"Mulikawia," alisema. Kisha akajifunga kitenge, akawafuata.

Alifundisha miezi mitano zaidi. Mume wa Mbelu alipofukuzwa kazi, ikabidi familia iende Kasai. Bamama walibeba mizigo yake mchana kweupe, wakamzunguka pale stesheni. Vijana walianza kelele zao. Mmoja akamwona mama yake mzazi amebeba godoro la Mbelu, akanyamaza. Wenzake wakamtazama, nao wakanyamaza. Treni iliondoka, na Aicha alipunga mkono mpaka haikuonekana tena.

Mwaka uliofuata, mwanamke mmoja mgeni alisimama pale fwaye. Alisema sasa ni zamu ya watu wa Maniema kuondoka. Akaomba mikono. Aicha, ambaye wazazi wake walitoka Maniema, aliacha kushona.

Hakuna mkono uliopanda. Mama Ngoie hakuinua hata macho.

"Hapa tulishajifunza," alisema, akimwonyesha mgeni kiti. "Ikala, mama, ushone."