Alhamisi Nne Bila Maji

Birika la kahawa lilianza kukoroma jikoni kabla giza halijaondoka. Delfina alilisikia akiwa bado ndani ya blanketi, akajua Bibi Tecla ameshaamka, na kwamba muda si mrefu bibi atashuka ngazi za mawe kwenda kwenye banda la vioo alimokuza mrihani wa kuuza. Ndivyo siku zilivyoanza nyumbani kwao Prà, kwenye mteremko ulio juu ya bandari ya Genova: kahawa kwanza, kisha mlango wa nyuma, kisha harufu ya mrihani ikipanda mpaka dirishani.

Alfajiri ile ya Februari ilifuata sauti nyingine. Mama alikuwa anatapika.

Delfina alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa mtoto wa pekee. Mwaka juzi Mama alibeba mimba, ikatoka, na kitanda kidogo kilichokuwa kimeshapakwa rangi kikarudishwa darini. Sasa alikuwa na mimba nyingine, ya miezi mitatu. Baba alikuwa baharini, mpishi wa meli ya mizigo, na hakutarajiwa kurudi kabla ya Mei. Nyumba ilibaki na wanawake watatu.

Mama hakuweza kula karibu chochote. Nyama ilimchefua, samaki ndiyo usiseme. Kitu kimoja tu kilikubali kukaa tumboni mwake: tambi zilizochanganywa na pesto, ule mchuzi wa kijani wa majani ya mrihani yaliyotwangwa na kitunguu saumu, jibini, kokwa za msonobari na mafuta ya zeituni. Ndipo akamwuliza mkunga wa kliniki, mama mmoja mnene aitwaye Mirella, kama pesto ni salama kwa mjamzito.

"Kula, mama, kula," mkunga alisema. "Jibini liwe lile gumu lililokaa miezi mingi, lisiwe bichi. Lakini majani! Pesto haipikwi. Kwa hiyo majani yaoshwe kwa maji matatu, kila mara maji mapya. Paka akijisaidia kwenye udongo anaacha vimelea ambavyo macho hayavioni. Wewe utadhani una mafua tu. Mtoto tumboni vinaweza kumharibu macho, hata ubongo. Damu yako inaonyesha hujawahi kuvipata, ndiyo maana tunakupima kila mwezi."

Delfina alikuwa ameketi palepale. "Nitamwoshea mimi," alisema, na mkunga akampa pipi.

Paka wa jirani walikuwa watatu. Majira ya baridi wote walihamia kwenye banda la vioo, kwa sababu udongo wa mle ulipashwa joto, na hakuna aliyewahi kuwafukuza.

Shida ilikuwa Bibi Tecla. Kwa miaka hamsini alikuwa akilala kifudifudi juu ya ubao uliowekwa juu ya tuta, aking'oa miche michanga mmoja mmoja asiikanyage. Mrihani kwake ulikuwa kama mtoto.

"Maji?" aliuliza siku ya kwanza alipomkuta Delfina na beseni. "Nani kakufundisha kuuzamisha mrihani? Unapanguswa kwa kitambaa, taratibu, basi! Ukiulowesha unakuwa mweusi."

"Mkunga kasema, Bibi."

"Mkunga anatokea Torino. Huko wanajua nini? Mimi nimezaa wanne, na sikuosha hata jani moja. Haya, wanne hao wana nini?"

"Mjomba Ilario ana kichaa," Delfina alisema.

"Hicho ni cha ukoo wa babu yako!" Bibi alicheka mpaka akakohoa. Lakini alipoonja pesto iliyotoka kinuni siku ile hakucheka. Ilikuwa na rangi ya matope. "Hii nayo umeichota mtaro gani?"

Delfina aliumia. Mwezi wa Machi kanisa lao lilikuwa na shindano la watoto la kutwanga pesto, na kila Alhamisi alikuwa akijifunza kwa kinu cha marumaru cha bibi yake. Binamu yake Iacopo, aliyekuja kujifunza naye, alichungulia kinuni akaziba pua. "Pesto ya vyura," alisema. Alirudia neno hilo shuleni, mbele ya watu.

Alhamisi iliyofuata Delfina aliyapangusa majani kwa kitambaa kikavu. Pesto ikatoka kijani kibichi, nzuri kama iliyochorwa. Bibi alimbusu utosini.

"Umeosha?" Mama aliuliza kutoka kochini.

"Nimeosha, Mama. Maji matatu."

Na ili maneno yake yawe na ushahidi, alilimwagia beseni maji kidogo akaliegemeza ukutani lichuruzike. Mama alikula sahani nzima. Mashavu yakarudiwa na rangi. Kumwona vile, Delfina alijiambia hakuna ubaya uliotokea. Alifanya vivyo hivyo Alhamisi ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Katikati ya Machi kliniki walipiga simu.

Daktari Bruzzone alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache. Aliiweka karatasi mezani, akaigeuza ili Mama aione. "Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa safi. Hiki si safi. Vimelea vimeingia katika damu yako."

Mama alishika tumbo kwa mikono miwili. Hakulia. Aliuliza tu, "Na yeye?"

"Bado hatujui. Utaanza vidonge leo, mara tatu kwa siku. Kisha tutaingiza sindano tuchote maji kidogo yanayomzunguka mtoto. Hayo ndiyo yatakayotuambia kama vimemfikia. Lakini nisaidie jambo moja. Vilikuingia lini? Damu pekee haiwezi kunitajia siku. Tukichoma mapema mno, maji yataonekana safi kumbe vimelea viko njiani, nasi tutamwacha mtoto bila dawa anayoihitaji."

Mama alifikiri. "Mboga ninaoshewa na binti yangu, ni mwaminifu. Nyama sigusi." Kisha uso ukamwanguka. "Mwanzoni mwa Februari kulikuwa na ubatizo kwa wifi yangu. Nilikula kipande cha soseji mbichi. Kidogo tu, Daktari. Walinishikilia."

Daktari alihesabu wiki kwenye kalenda. "Kama ni siku hiyo, basi sindano itakuwa Ijumaa hii."

Delfina aliutazama mkanda wa mkoba wake. Neno mwaminifu lilimchoma.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Mama aliacha kula. Alikaa kitandani akijisema kwa sauti ya chini, "Kipande cha soseji, jamani. Nimemuua mwanangu kwa kipande cha soseji." Bibi Tecla alimpelekea supu, akairudisha imeganda. Shindano la kanisa lilipita bila Delfina kwenda.

Jumatano jioni, siku mbili kabla ya sindano, alisimama mlangoni pa chumba cha Mama.

"Mama, si soseji."

"Nini?"

"Sikuosha. Nilipangusa tu. Nilisema nimeosha, sikuosha."

Mama aliketi polepole. Delfina alisubiri kofi, na alitamani lije. Halikuja.

"Mara ngapi?"

"Alhamisi nne."

"Ya mwisho lini?"

"Wiki ya kwanza ya Machi." Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni. "Ijumaa ni mapema mno, Mama. Daktari alisema tukichoma mapema..."

Bibi Tecla alikuwa nyuma yake, taulo ya jikoni mkononi. Aliikamata fremu ya mlango. "Nilimcheka mimi," alisema, na sauti yake haikuwa ya Bibi Tecla wanayemjua. "Loredana mwanangu, usimpige mtoto. Mimi ndiye niliyemcheka."

Mama alichukua simu, akabonyeza namba ya daktari, kisha akamnyooshea Delfina. "Sema mwenyewe. Na tarehe zote."

Delfina alisema. Upande wa pili ilisikika kalamu ikiandika.

"Una miaka mingapi?" daktari aliuliza.

"Kumi na miwili."

"Umefanya vibaya sana, Delfina. Na sasa hivi umefanya vizuri sana. Sindano tunaisogeza hadi Aprili. Mwambie mama yako aendelee na vidonge, na ale."

Mama alikula usiku ule, mkate na jibini gumu. Lakini hakusema na Delfina siku ile, wala iliyofuata. Alipopita karibu naye alimgusa bega kidogo, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, akaendelea.

Delfina alianza tena kuosha. Maji matatu, kila mara mapya. Safari hii aliyatandaza majani juu ya taulo, moja moja, akayaacha mpaka yakauke kabisa kabla ya kutia mchi. Pesto ikatoka kijani. Bibi alionja, akaonja tena, akakaa chini. Miaka hamsini alilaumu maji, kumbe kilichokuwa kikitia weusi ni majani kutwangwa yakiwa bado yameloa.

Aprili sindano ilichomwa. Majibu yalikuja baada ya siku kumi: maji ni safi, vimelea havijamfikia mtoto. Daktari alisema Mama ameze vidonge mpaka atakapojifungua, na mtoto apimwe mara kwa mara mpaka atimize mwaka. Hakuna aliyeshangilia. Mama aliikunja karatasi, akamwita Delfina akae kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Kuacha kuosha lilikuwa kosa, na kosa lina dawa, unaona hivi vidonge. Lakini uliposema umeosha, ulinifumba macho mimi, ukamfumba na daktari. Nikawa natafuta ugonjwa mahali usipokuwa. Kama ungenyamaza siku mbili zaidi, tungefurahia majibu ya uongo, na ndugu yako angelipa. Bibi yako alikosea kwa kutojua. Wewe ulijua. Ukishajua jambo linaloweza kumdhuru mtu, kunyamaza kwako nako kunadhuru." Alimvuta, akaweka kidevu juu ya kichwa chake. "Nilikasirika. Bado nimekasirika kidogo. Lakini ulikuja mlangoni kwangu mwenyewe, na hilo sitalisahau."

Jumamosi ile Delfina alikwenda na Bibi Tecla sokoni kuuza mrihani. Watu walijaa kama kawaida. Mwanamke kijana ambaye hawakumjua, tumbo limeanza kuchomoza chini ya koti, alichagua kishada kikubwa akakinusa, akatabasamu.

"Wanasema wewe ndiye bingwa wa pesto hapa, Bibi," alisema. "Mrihani wako unapanguswa tu kwa kitambaa, si ndiyo? Hauoshwi?"

Bibi Tecla aliinamia vishada vyake, uso umeiva wekundu. Wateja walikuwa wanasikiliza, na Iacopo alikuwa pale na mama yake.

"Mimi sikuyaosha majani, na mama yangu akaugua," Delfina alisema kwa sauti.