Nyuzi Tisa

Jambo lenyewe lilianza kwa tarakimu moja. Saa kumi alasiri, ukungu wa Julai ukiwa umeifunika migomba yote ya Marangu, Mzee Wenseslaus aliingia sebuleni, miwani yake ikapata mvuke papo hapo kwa joto. Akaifuta, akainama mbele ya jiko. Kibao chake kilisoma nyuzi tisa.

Halikuwa jiko la mafiga. Lilikuwa sanduku la chuma ambalo mradi mmoja wa utafiti ulimwachia alipostaafu kufundisha misitu chuo kikuu. Lilikula punje za maranda yaliyoshindiliwa, ndogo kama mbegu za mahindi. Parafujo ilizivuta kutoka tangini, zikadondoka motoni moja moja: tik, tik. Ukiliweka kwenye njia ya mkono, ulichagua mwenyewe ukubwa wa moto. Kwenye njia ya kujiendesha uliweka nyuzi unazotaka, na kihisi, kidude kama kichwa cha msumari mwishoni mwa waya mrefu, kililiambia jiko chumba kimefikia wapi, nalo likapunguza moto. Ilikuwapo na njia ya tatu, ya kubana matumizi: joto likifikiwa, moto huzimika kabisa.

Alikuwa ameweka ya kujiendesha, nyuzi ishirini na nne, kwa ajili ya Gladys, aliyejifungua wiki tatu zilizopita; mumewe Denis, mwana wa Wenseslaus, alikuwa kazini mbali. Mzazi hukaa ndani miezi mitatu, apate mtori wa ndizi na joto. Wa kumlea angekuwa mama mkwe, Hilda, mke wa Wenseslaus, lakini Hilda alizikwa mwaka uliopita. Badala yake alikuja mdogo wake Hilda, Mektrida.

"Shemeji, mashine yako imepata wazimu," Mektrida alisema, kanga imemganda mgongoni kwa jasho. "Tunachomwa kama mkate humu."

"Kihisi kimeharibika. Nitakihamisha."

Alikihamishia chumba cha kupikia: tisa. Chumbani kwa Gladys: tisa. Alikishika kiganjani, kikasoma thelathini na nne, kama ilivyostahili. Alipokitundika tena ukutani tarakimu zilishuka moja moja hadi tisa, kana kwamba mtu baridi amekuja kusimama mbele yake. Jiko likaamini nyumba ina baridi, likazidi kuwaka. Akaliweka kwenye njia ya mkono, moto wa kwanza, mdogo kuliko yote. Alipogeuka tu kitufe kilijibofya, likarudi kujiendesha.

Akachomoa waya wa umeme. Feni ya jiko haikusimama.

Hapo ndipo punje zilipobadili mwendo. Zilidondoka tatu kwa mpigo, zikanyamaza, feni ikavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, zikadondoka tatu tena, na nyumba ikajaa harufu ya mafuta ya kuchua kifua, mafuta ambayo hapakuwa na mtu aliyeyafungua mle ndani kwa mwaka mzima.

"Shemeji," Mektrida alinong'ona. "Hicho ni kikohozi cha dada."

"Ni parafujo."

"Nilimuuguza siku nne za mwisho. Nakijua."

Gladys alitokea mlangoni na mtoto begani. "Baba, mtoto hanyonyi. Hebu gusa utosi wake. Umebonyea."

Wenseslaus aliugusa, akaona aibu ikimpanda shingoni, maana alijua kilichokuja na kwa nini kimekuja. Angeweza kusema palepale. Alisema, "Fungueni madirisha."

Waliyafungua. Ukungu uliingia hadi katikati ya chumba na joto halikupungua hata kidogo, wakakesha wakimpa mtoto maziwa kwa kijiko, naye akiyatema. Kulipopambazuka, Gladys alitaka kumkimbiza hospitali, lakini kila alipofika kizingitini mtoto alikakamaa na kukosa pumzi, na kila aliporudi ndani akapumua. Mektrida hakuomba ruhusa. Alimtuma jirani mwenye gari hadi mtaa wa Shirimatunda, amlete mganga, Bi Mwamvita.

Mwamvita alikuwa mwanamke mfupi, mwenye umri wa kuamkiwa hata na Wenseslaus.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Hilo ndilo jiko? Mimi nilidhani friji."

Gladys nusura acheke. Mwamvita aliwasha ubani. Moshi haukupanda. Ulitambaa sakafuni ukaingia chini ya jiko, nalo likakohoa mara tatu. Akausogeza mkono wake ukutani, karibu na kihisi, akaurudisha haraka.

"Amesimama hapa."

"Ni dada?" Mektrida aliuliza.

"Wafu wamepumzika, mwanangu. Huyu ni jini. Amekuta ndani ya mtu wa nyumba hii kuna kitu kimefungiwa, akakifanya makazi. Kikohozi amejifunza humo humo. Ubani hautamtoa." Akamtazama Wenseslaus. "Ninyi wa huku mlimani mnaombanaje radhi?"

Mektrida ndiye aliyejibu. "Kwa isale. Ukiletewa jani lile hukatai. Ila anayeleta lazima ataje kosa."

"Basi alete."

Wenseslaus alitoka akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba, shamba lao la nyumbani. Alirudi, akapiga magoti mbele ya shemeji yake, magoti ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya madarasa.

"Mwaka jana nilisahau kihisi kwenye chumba changu cha kusomea," alisema. "Karibu na taa ya meza."

Moto ulipanda ukajaa kioo cha jiko, na mtoto akalia kilio chembamba kisichokuwa na machozi.

"Hajaridhika," Mwamvita alisema taratibu. "Malizia."

"Sikusahau." Aliongea akitazama sakafu. "Siku ya kwanza nilisahau. Siku ya tatu niliuona ule waya. Nilikuwa naandika ripoti, kuonyesha kwamba nyumba ya mlimani yaweza kupashwa joto kwa kilo nne za punje kwa siku. Taa ilikipa joto kihisi, jiko likawa linazimika, na hesabu zilitoka nzuri. Niliuacha. Hilda aliniambia, 'Baba Denis, mbona baridi?' Nikampeleka mbele ya kibao nikamwonyesha ishirini na mbili. Nikamwambia mashine haidanganyi. Akaniomba radhi kwa kunisumbua, akavaa sweta la pili. Siku kumi na moja. Nimonia ilipompata nikaurudisha waya sebuleni, kibao kikasoma tisa; niliurudisha kabla hujafika, Mektrida, usiuone."

Mektrida alilitazama jani muda mrefu sana, mikono yake ikiwa chini ya kanga. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na kunyamaza kwake kulitisha kuliko kilio. Ndipo Mektrida alipoitoa mikono, yote miwili, akalipokea.

Parafujo ilisimama. Moto ulizama ukawa jivu, upepo mwepesi ukapita kati yao kuelekea mlangoni, ukiwa na harufu ya mafuta ya kuchua, kisha hata hiyo harufu haikuwapo. Gladys alimpa mtoto ziwa. Akanyonya.

Jioni ile Mektrida alifunga mizigo. Gladys angemaliza miezi yake huko kwa Mektrida, kwenye nyumba ya moto wa kuni.

"Shemeji, ulipokea," Wenseslaus alimwambia.

"Nimepokea isale kwa sababu haikataliwi. Moyo wangu bado uko njiani. Usinisindikize."

Aliwatazama hadi ukungu ukawameza, akaingia ndani, akaketi. Mwamvita alikuwa amefanya kazi yake sawasawa. Nyumba ilikuwa kimya, safi, ya mtu mmoja. Wenseslaus aliinamisha kichwa upande wa jiko, akazuia pumzi yake ili asikie vizuri, na ilipita saa nzima kabla hajakiri moyoni kwamba alikuwa anasubiri likohoe.