Baba Yangu Atakaa Mbele

"Hapa ndipo walipolala bibi zako," alisema Bi Salha, akinionyesha kwa kidole vyumba vilivyobomoka nyuma ya nyumba ya tembe.

Shangazi huyo wa mchumba wangu Abbasi alinileta Itetemia kunionyesha shamba la ukoo wao kabla ya ndoa yetu. Kumbe alitaka kunikumbusha nafasi yangu!

"Walitoka wapi?" nikauliza.

"Manyema. Walikuja na msafara wa pembe za ndovu, babu yetu akawanunua. Mpunga wa bonde hili lote walilima wao."

"Walikuwa wanaitwa nani?"

"Nani akumbuke hayo? Sikiliza, Tausi. Sisi ndio tuliowaacha huru, kwa hiyo mabinti wa watu wetu tunawaozesha sisi. Ijumaa kaka yangu ndiye atakuwa walii wako wa ndoa."

"Na baba yangu?"

"Atakaa na wageni."

"Baba yupo hai, ana akili zake timamu, halafu aniozeshe mtu mwingine?"

"Usinipandishie sauti. Hata mama yako aliozeshwa na baba yetu, na babu yako amekaa pale pale anatazama."

Hilo liliniuma kuliko yote. Mama hakuwahi kunieleza.

"Majina yao hulijui hata moja," nikamwambia, "ila kuwamiliki hujasahau!"

Nikampigia Abbasi palepale.

"Ulijua habari ya walii?"

"Nilijua. Nikaona ni maneno mawili tu, mpenzi, tuwaridhishe wazee."

"Maneno hayo mawili ni ya baba yangu. Asipoyasema yeye, sikutaki!"

Nikakata simu. Nilipofika nyumbani Kitete nililia mpaka macho yakavimba. Nilimpenda yule mwanaume jamani, lakini si kwa bei hiyo.

Alhamisi ikaingia meseji yake:

"Nimewaambia walii ni baba yako, mzee Shaban. Wamesema hawaji. Mimi nakuja. Nisamehe."

Nikajibu: "Njoo na mashahidi."

Ijumaa alikuja na rafiki zake wawili. Kwao hakutokea hata mtu mmoja. Shekhe akamweka baba mbele, uso kwa uso na Abbasi, wakashikana mikono. Mimi na mama tulikuwa chumbani, tumetega masikio mlangoni.

"Mimi, Shaban bin Mabruki," sauti ya baba ikatetemeka, kisha ikawa imara, "nakuozesha binti yangu, Tausi."

Abbasi hajajibu bado, mama akapiga kigelegele.