Ufa wa Majira ya Baridi

Kitu cha kwanza Daryna alichokiona ni mstari wa kutu, mwembamba kama uzi, ubavuni mwa injini ya trekta. Theluji ilikuwa inayeyuka katika jimbo la Saskatchewan, na siku za kupanda ngano zilikuwa zinabisha hodi. Aliugusa mstari ule. Ukucha ukazama.

Baba yake, Petro Hnatiuk, aliinama akautazama. Bila trekta hakuna kupanda, na asiyepanda huuza shamba. Akaleta mashine ya kuchomelea, kama afanyavyo kwa kila kilichovunjika. Chuma kilipopoa kililia, ti! Ufa ukawa mrefu maradufu.

Daryna akaenda kumwita jirani, Mzee Orest, fundi wa injini wa zamani.

"Petro, wewe hata jino likikuuma utalichomelea," alisema Orest.

"Niache. Sina moyo wa utani."

"Basi sikiliza. Hiki ni chuma cha kusubu, cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Kigumu, lakini hakinyumbuki. Ukikichoma mahali pamoja, kikipoa kinajivuta na kupasuka pembeni. Hiki kinashonwa kikiwa baridi."

Akamwonyesha Daryna. Walitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa, ili usiendelee mbele. Kisha wakatoboa juu ya ufa wenyewe na kukaza skrubu fupi, kila moja ikiuma ubavu wa mwenzake. Wakakata vichwa, wakasaga pakawa sawa. Mwishowe walisukuma hewa ndani ya injini na kupaka sabuni nje, waone kama inavuja. Hakikutoka kiputo.

"Maji ya kupozea injini yakiganda hutanuka, yakapasua chuma," Orest alisema. "Nani huyatoa kabla ya baridi?"

Macho ya Petro yakaenda mlangoni. Koti la Mama lilikuwa bado limetundikwa pale, tangu mavuno yaliyopita. Orest, aliyesaidia kubeba jeneza lake, akainamisha kichwa. Baadaye akaeleza polepole kwamba kumwaga maji ya rejeta, lile tangi la kupozea mbele ya injini, pekee hakutoshi. Ipo koki, bomba dogo la kutolea maji, chini ya injini. Isipotoa maji, imezibwa na kutu, nayo huzibuliwa kwa waya.

Ngano ilipandwa, ikavunwa. Shamba likabaki lao.

Baridi ya kwanza ilipoingia, Petro alisimama mlangoni akilitazama trekta, kama anayemngoja mtu.

"Mama yako ndiye huyatoa," alisema.

Daryna alilitungua lile koti, akalivaa. Akachukua waya.

"Mama amekufa, Baba," alisema. "Nipishe, nikafungue koki."