Istikhara Imetoka Njema

Ukipita mtaa ule wa Vaughan, huko ughaibuni kwenye theluji, siku ya Alhamisi, ndugu zangu, hukuhitaji kuuliza nyumba ya Bi Naseem ni ipi. Pua yako ilikupeleka mwenyewe. Vitunguu vya kukaanga, nazi, udi, na mlangoni viatu vya wanawake vimerundikana mpaka pa kukanyaga hakuna. Sebuleni kina mama walikuwa wakisoma dua. Chini, kwenye jiko la pili, Naseem mwenyewe, mjane wa miaka sabini na ushei, alikuwa kashika upawa anakoroga mbaazi za nazri, yaani chakula cha nadhiri, katika lile sufuria kubwa alilotoka nalo Tanga.

Pembeni yake alisimama jirani yake Généreuse, mwanamke wa Bukavu, Mkristo safi, anakata kachumbari. Kila Alhamisi alikuja kusaidia, na hakuna aliyekumbuka nani alimwalika mara ya kwanza.

"Yaya, chumvi iko kidogo," alisema Généreuse. Kwa Kiswahili cha kwao, yaya ni dada mkubwa.

"Wewe ulimi wako umeharibika zamani," Naseem alimjibu, na wakacheka. Lakini chumvi aliongeza.

Wageni walipokwisha kuondoka, akaingia Baqir, mtoto wake wa kiume. Baqir si mtoto mbaya, nisije nikamsingizia. Kila siku humpigia mama yake simu, dawa zake humnunulia yeye. Alibusu mkono wa mama, akaketi, akatoa simu, akaanza kumwonyesha picha. Jengo refu kando ya ziwa, wazee wenye mvi nyeupe wamo ndani ya bwawa wanacheka, wengine wamenyoosha mikono wanafanya mazoezi.

"Ma, magoti yako unayajua. Ngazi hizi zilikuangusha juzijuzi tu. Theluji atazoa nani? Hapa kuna kila kitu. Mazoezi, matembezi, michezo. Hapa utakuwa na uzee wa kuchangamka."

Naseem aliitazama mikono yake, bado ina harufu ya kitunguu. Tangu alfajiri hajakaa kitako. Akajiuliza, hivi huku kukoroga sufuria la watu arubaini si kuchangamka? Akafungua mdomo aseme.

"Na istikhara tumeshachukua," akasema Baqir. "Imetoka njema. Njema sana."

Naseem akaufunga mdomo.

Kwa asiyejua, niseme. Watu wa kina Naseem, Makhoja wa Kishia, mtu akikwama katika jambo zito humwendea sheikh, naye humfungulia Qur'ani kumtafutia heri. Marehemu mumewe, Dilawar, hata duka hakufungua bila istikhara. Mara moja tu aliipuuza, akanunua lori, na lori likapinduka Korogwe. Tangu siku hiyo Naseem aliamini kwamba anayeipa mgongo istikhara, njema au mbaya, anajitafutia balaa. Sasa atasemaje? Atashindana na heri ya Mungu kwa sababu ya sufuria?

"Alhamdulillah," alisema. Baqir akafurahi, akadhani mama amekubali.

Alipoondoka, Généreuse, ambaye alikuwa akiosha sahani na masikio yote mawili huku, akageuka.

"Yaya, umekubali?"

"Imetoka njema, mdogo wangu."

"Nimesikia. Lakini wewe, unataka?"

Naseem alichukua nailoni ya kusugulia akaanza kulisugua sufuria, ambalo Généreuse alikuwa amekwisha kulisafisha.

Hapa, kila nikisimulia, mimi hupandwa na hasira. Maana walishauriana watoto wake, wakashauriana wakwe, akaulizwa dalali, akaulizwa daktari wa magoti. Mwenye magoti hakuulizwa. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini huyu mama hata maiti hakuwa! Alikuwa amekaa pale pale, mzima, akimimina chai.

Nyumba ikauzwa upesi. Siku ya kuhama, Baqir alilisimamisha sufuria mlangoni mwa nyumba, akakuna kichwa. "Ma, hili halitaingia. Jiko la kule ni dogo kuliko sufuria lenyewe." Akaliweka kando ya barabara pamoja na mazulia ya zamani, lichukuliwe na mwenye bahati. Naseem alikuwa ameshafungwa mkanda ndani ya gari. Alipogeuza shingo, alimwona Généreuse akivuka barabara na slipa, akilibeba sufuria kwa mikono miwili.

Basi, kule kando ya ziwa, watu walikuwa wema, nisiwasingizie nao. Walimsalimia kwa jina, ingawa jina lilitoka kombo. Lakini bwawa lile wanawake na wanaume waliogelea pamoja, naye na hijabu yake akakaa kwenye kiti anatazama maji. Mchezo wao wa namba ulikuwa wa pesa, akaona ni kamari, akajitoa. Mezani akiuliza nyama hii imechinjwaje, mhudumu anatabasamu tu. Akala mkate na saladi. Généreuse alikuja kumwona, akibadili mabasi mawili na treni, mpaka kazi ya zamu ilipombana, safari zikapungua, zikabaki simu. Kiswahili cha Naseem kikakosa mtu wa kukisikia.

Majira ya baridi, Alhamisi moja, moyo ulimkataza kukaa hivihivi. Alitandika kitambaa chake, akafungua kitabu cha dua, akatia udi kidogo kwenye kaa la moto. Kidogo tu! Kengele ya moto ikalia jengo zima. Loo! Wazee wakateremshwa, wenye vigongo, wenye viti vya magurudumu, mzee mmoja na pajama na soksi, wote wakasimama kwenye theluji mpaka zimamoto wafike. Naseem alisimama katikati yao akisema "Sori, sori," kwa kila aliyemtazama. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Meneja alimwambia kwa upole kwamba humo ndani hakuchomwi kitu.

Baqir alipiga simu. "Ma, tafadhali. Usituaibishe."

Aibu! Mwanamke ambaye nusu ya Vaughan imekula mkononi mwake. Hakuchoma tena udi. Baada ya muda hata dua akawa anasoma kimoyomoyo, akihofia kwamba sauti nayo itapita ukutani.

Muharram ikaingia. Jioni ya kwanza alivaa nguo nyeusi tangu alasiri, mkoba mapajani, akamngoja Baqir ampeleke majlisi, kwenye kikao cha maombolezo. Zamani alitembea kwa miguu, kituo chao cha ibada cha Mtaa wa Bathurst kilikuwa karibu na nyumba yake. Simu ikalia. "Ma, magari yamesimama barabara nzima, sitawahi. Fungua simu, wanaonyesha moja kwa moja." Akafungua. Akaona ukumbi, mdogo kama kiganja. Akaitafuta ile nguzo aliyozoea kuegemea. Alikuwepo mtu mwingine pale, ameegemea. Naseem aliizima simu, akabaki na nguo zake nyeusi hadi usingizi ulipomchukua kitini.

Toka hapo akaanza kupungua. Daktari akapima damu, akapima moyo, akasema mama yuko salama. Akiulizwa atakula nini, husema chochote. Akiulizwa afunguliwe dirisha, husema mtakavyo. Mjukuu wake Laiba akamwuliza baba yake kwa Kiingereza, kwa nini Bibi haongei tena? Na Baqir, ambaye macho anayo, akaona.

Jumapili moja alikuja peke yake. Hakukaa kwenye kiti, alipiga magoti zuliani mbele ya mama yake.

"Ma, nilimtumia sheikh ujumbe. Nilitaka istikhara ya kukuhamishia kwangu. Amekataa kuichukua. Kasema mara ile aliniuliza kama tumeshauriana sote, nami nikamjibu ndiyo. Sasa kaniuliza, 'Na mama yako alisema nini?' Nikakosa jibu, Ma. Naomba uniambie wewe. Unataka nini?"

Hilo swali, ndugu zangu! Swali ambalo Naseem aliliwekea jibu siku nyingi, tangu siku ile yenye harufu ya kitunguu. Alilitafuta lile jibu. Alipapasa moyoni mwake kama mtu anayepapasa swichi katika chumba chenye giza, akijua kabisa ilikuwa hapa, hapa hapa. Hakuliona. Aliona mtoto wake analia, akamwonea huruma, na huruma hiyo tu ndiyo aliyoikuta.

"Nyumba ile siwezi kuirudisha," alisema Baqir, "lakini Généreuse bado analo sufuria lako. Nikalilete? Ukae kwangu, upike Alhamisi?"

"Sufuria?" Naseem alikunja uso, akijaribu kwa dhati kumsaidia. Kisha akampapasa kichwani.

"La nini, mwanangu? Fanyeni mnavyoona. Chukueni istikhara."

FUNZO

Enyi mlio na wazazi, Scarborough, Thorncliffe, Vaughan na popote mlipo, nisikilizeni. Sisemi mzazi asihamishwe. Magoti yanauma kweli na ngazi zinaangusha kweli. Wapo wazee waliohamia majengo kama yale kwa hiari yao na wamenawiri. Nasema aulizwe yeye, kwanza, kabla ya dalali na kabla ya sheikh, na mkimuuliza nyamazeni mpaka amalize. Istikhara ni ya mtu aliyeshauriana akabaki na wasiwasi. Msiifanye kufuli ya mdomo wa mama yenu. Na nanyi wazazi, heshima si kumeza kila neno. Semeni mngali mnajua mnachotaka, maana kutaka nako, kusipotumika, hufa. Baqir aliuliza, haki yake tumpe. Aliuliza wakati wa kujibu umekwisha kupita.